Kidole, Sanduku na Ufunguo: Historia ya Kumthibitisha Mwenye Mali Migori na Homa Bay

Swali la nani anayeweza kuthibitisha kwamba mali fulani ni yake, na kwa ushahidi gani, lina historia ndefu katika kaunti za Migori na Homa Bay, zilizo kusini mwa Nyanza kati ya Ziwa Viktoria na mpaka wa Tanzania. Swali hilo limerudi kwa sura mpya katika miaka hii ambapo pochi za sarafu za kidijitali, yaani programu za simu zinazotunza funguo za fedha kama Bitcoin, zimeanza kuachana na nywila na kumtambua mwenyewe kwa kidole, kwa uso au kwa kifaa alicho nacho mkononi. Teknolojia hiyo huelezwa mara nyingi kana kwamba haikutanguliwa na kitu, ilhali wakazi wa Rongo, Awendo, Nyatike, Mbita na Ndhiwa wamekwisha kupitia mifumo kadhaa ya kumthibitisha mwenye mali: mmoja ulimtegemea shahidi, mwingine ulitegemea alama ya kidole iliyokaa katika masjala ya serikali, mwingine makufuli matatu, na mwingine tarakimu nne. Insha hii inaifuatilia mifumo hiyo kwa mfuatano wake, na inajenga hoja kwamba usalama wa mali ulitegemea zaidi mahali ilipokaa alama ya mwenyewe, na watu walioweza kumrejeshea haki yake alipoipoteza, kuliko ulivyotegemea alama yenyewe.

Mali mikononi mwa mashahidi

Kwa Waluo, Wasuba na Wakuria, ambao ndio wakazi wa muda mrefu wa sehemu kubwa ya eneo hili, ng'ombe walikuwa akiba, mahari na heshima kwa wakati mmoja. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma lake, kwa kuwa ugonjwa mmoja au uvamizi wa usiku mmoja ungeweza kumfilisi. Aliwagawa kwa marafiki, wakwe na jamaa wa mbali, ambao waliwachunga, wakanywa maziwa yao, na pengine wakapewa ndama kama malipo ya utunzaji, huku umiliki ukibaki kwa aliyewakabidhi. Hapakuwa na hati. Ng'ombe alitambulikana kwa rangi yake, umbo la pembe na alama ya sikio, na makabidhiano yalishuhudiwa na watu waliojua pia ukoo wa mnyama huyo, yaani alizaliwa na ng'ombe gani na yule alitoka kwa nani, hata ikawezekana miaka mingi baadaye, mbele ya wazee, kueleza mtamba fulani ni wa nani.

Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Waluo wa kusini mwa Nyanza, aliandika kitabu kizima kuhusu desturi hii ya ukabidhi, kilichotoka mwaka 2007, akionyesha jinsi maisha ya uchumi ya eneo hilo yalivyosukwa kwa vitu ambavyo mtu anavishika kwa niaba ya mwingine. Katika kitabu chake cha awali, cha mwaka 1989, alichunguza imani ya fedha chungu, ambazo kwa Kiluo huitwa pesa makech. Hizo ni fedha zilizopatikana kwa njia inayodhaniwa kuleta mkosi, kama vile kuuza ardhi ya ukoo, dhahabu au tumbaku, na ambazo hazikufaa kununulia ng'ombe wa mahari kabla ya kutakaswa. Imani hiyo ina uzito wa pekee mahali ambapo dhahabu huchimbwa, kwa kuwa ardhi ya Nyatike na maeneo jirani ina mgodi wa Macalder na mashimo mengi ya wachimbaji wadogo, na dhahabu ni mali inayomfuata yeyote anayeishika, isiyo na alama ya sikio wala ukoo wa kuusimulia. Jambo la kuzingatia katika imani hiyo ni kwamba jamii ilidai kujua asili ya mali kabla ya kuiruhusu iingie katika mahusiano ya watu, na kwamba mali isiyo na shahidi ilitiliwa shaka hata pale ambapo hakuna aliyekuwa na haki ya kuidai.

Kipande na masjala ya Nairobi

Utawala wa Kiingereza ulikuwa na kituo chake cha kwanza cha kusini huko Karungu, kwenye ufuo wa ziwa, kabla ya kukihamishia Kisii mwaka 1907, na nchi hiyo ikajulikana kama wilaya ya South Kavirondo. Kodi ya nyumba, ambayo ililipwa kwa fedha taslimu, iliwalazimu vijana wa kiume kutafuta kazi za ujira mbali na kwao, katika mashamba ya walowezi, reli na miji, na serikali ikataka namna ya kumtambua kila mfanyakazi na kumrudisha aliyetoroka mkataba. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini utekelezaji wake ulicheleweshwa na vita vya kwanza vya dunia hadi kati ya mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba hati iliyoitwa kipande, iliyoandikwa jina lake, kabila lake, chifu wake, waajiri wake na ujira wake, pamoja na alama za vidole vyake; hati hiyo iliwekwa ndani ya chombo kidogo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa uzi.

Mbinu ya kumtambua mtu kwa kidole ilikuwa imetokea India ya wakoloni. Mwaka 1858, ofisa wa Kiingereza huko Bengali, William Herschel, alimtaka mkandarasi mmoja agandamize mkono wake wenye wino kwenye mkataba ili asije akaukana, na mwishoni mwa karne hiyo polisi wa Kolkata, chini ya Edward Henry na kwa kazi kubwa ya wasaidizi wake wa Kihindi Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walibuni mpango wa kuainisha alama hizo ili ziweze kutafutwa katika majalada ya maelfu ya watu. Mpango huo ndio ulioiwezesha serikali ya Kenya kuweka Nairobi masjala ya vidole, kiasi kwamba kijana wa Kasipul au wa Suna aliyekitupa kipande chake na kujiita jina jingine aliweza kugunduliwa kwa alama za ncha za vidole vyake mwenyewe. Hapa ndipo mgeuko mkubwa ulipotokea: alama ambayo mtu amezaliwa nayo, ambayo hawezi kuibadilisha, ilichukuliwa na kuhifadhiwa na upande mwingine, na ikatumika kumthibitisha kwa manufaa ya upande huo. Kidole kilikuwa ushahidi dhidi ya mwenye kidole, kwani hakikumpa haki ya kudai ujira aliodhulumiwa, ila kilimpa mwajiri uwezo wa kumfuata alikokimbilia.

Upinzani haukuchelewa. Mnamo Desemba 1921 wasomi wa misheni, wakiongozwa na Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikutana na umma huko Lundha, Gem, kaskazini ya ghuba ya Ziwa Viktoria, wakaanzisha chama cha Young Kavirondo Association, ambacho harakati zake zilijulikana kwa jina la Piny Owacho, na miongoni mwa madai yao lilikuwamo la kufuta kipande. Mfumo huo uliendelea hata hivyo kwa zaidi ya miaka 20, mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipoweka usajili wa watu wa rangi zote. Walowezi wa Kizungu walipotambua kwamba nao wangetakiwa kutoa alama za vidole, walilalamika vikali mwaka 1949 kwamba wanadhalilishwa, jambo linaloonyesha wazi kuliko hoja yoyote ya wanasheria kwamba wao wenyewe walijua maana ya kulazimishwa kuitoa alama hiyo.

Dole gumba, daftari na sanduku

Sambamba na kipande, alama ya dole gumba iliingia katika maisha ya kawaida ya uchumi kwa watu wasiojua kuandika, wakaitumia mahali pa sahihi katika stakabadhi za pamba, vyama vya ushirika na hatimaye hati za ardhi. Tofauti ya matumizi haya na yale ya kipande ni kubwa, kwa sababu dole gumba la mkulima liliwekwa kwenye karatasi moja, mbele ya karani na shahidi, kwa shughuli moja aliyoikubali. Katika kipindi hicho hicho Waluo walianza kuweka akiba kwa pamoja nje ya benki za wageni, na mfano mashuhuri ni Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa juhudi za Jaramogi Oginga Odinga, ambayo iliuza hisa kwa watu wa nyumbani na kwa wale waliotawanyika mijini kote Afrika Mashariki.

Ngazi ya chini zaidi ilishikwa na wanawake. Mzunguko wa kuchangiana, unaoitwa nyoluoro kwa Kiluo, ulimpa kila mwanachama zamu yake ya kupokea mchango wa wote, na usalama wake ulitokana na kujuana kwa karibu, kwani mwanamke aliyepokea zamu yake na kuacha kuchanga alikuwa bado jirani, mke wa ukoo ule ule, mchuuzi wa omena katika soko lile lile. Mzunguko huo haukuwa na hazina ya kuibiwa, kwa kuwa fedha ziliingia na kutoka siku hiyo hiyo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba haungeweza kulimbikiza akiba wala kukopesha.

Udhaifu huo ulitatuliwa na utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa uliobuniwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na ambao baadaye ulienea kote Afrika Mashariki, Nyanza ikiwamo. Sanduku la kikundi cha namna hiyo linastahili kutazamwa kwa karibu. Ni sanduku la bati lenye makufuli matatu. Ufunguo mmoja hushikwa na mwanachama mmoja, wa pili na mwingine, wa tatu na mwingine, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Siku ya mkutano washika funguo hufungua mbele ya wote, hisa za kila mmoja hupigwa mihuri katika kijitabu chake, salio hutamkwa kwa sauti ili kila mwanachama alishike akilini hadi mkutano ujao, na baada ya kipindi cha kama mwaka mmoja sanduku huvunjwa, yaani akiba na faida hugawanywa, kisha duru mpya ikaanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini katika kikundi hiki daftari ni mbili, moja ya karatasi na nyingine ya kumbukumbu za wanachama, na asiyejua kusoma hanyimwi nafasi ya kuwa mkaguzi.

Utaratibu huo una mambo mawili ambayo wahandisi wa fedha za kidijitali waliyafikia kwa njia nyingine. La kwanza ni kwamba hakuna mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi, anayeweza peke yake kuzifikia fedha, na kwa hiyo hakuna faida ya kumtisha au kumlaghai mtu mmoja. La pili ni kwamba kupotea kwa ufunguo hakuiangamizi akiba, kwa kuwa kikundi kinaweza kukubaliana hadharani kuikata kufuli na kununua nyingine, na uamuzi huo unashuhudiwa na wale wale wenye mali.

Tarakimu nne

Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilizindua M-Pesa, na katika miaka michache huduma hiyo ikageuza namna mishahara ya Nairobi, Mombasa na Kericho ilivyofika Oyugis, Kendu Bay, Isebania na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Kabla yake, fedha zilitumwa kwa bahasha mkononi mwa jamaa, kwa dereva wa basi au kwa posta, na ushahidi wake ulikuwa neno la aliyezibeba. Mfumo mpya ulidai vitu vitatu: laini ya simu iliyosajiliwa, kitambulisho cha taifa kilicho mrithi wa kipande, na namba ya siri ya tarakimu nne. Wakala aliandika katika daftari lake jina, namba ya kitambulisho na kiasi, mteja akatia sahihi, na kwa njia hiyo shahidi wa zamani akabaki kwa muda upande wa pili wa kaunta.

Namba ya siri ni nywila fupi, na nywila katika kompyuta ina historia ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani walipohitaji kuwatenganisha watumiaji wengi wa mashine moja. Kanuni yake ni siri inayojulikana na pande mbili: mtu anaijua, na mfumo unahifadhi kumbukumbu ya kuilinganisha nayo. Kutokana na hilo huzaliwa udhaifu wote wa nywila, kwani siri inayoweza kutamkwa inaweza kuulizwa kwa hila, kuchunguliwa na kukisiwa. Kusini mwa Nyanza udhaifu huo ulionekana katika hali za kila siku. Bibi asiyeona vizuri vitufe humpa mjukuu namba yake. Mzee asiyesoma humwambia wakala. Tapeli hupiga simu akidai kwamba fedha zimetumwa kimakosa au kwamba laini itafungwa, na mwishowe huomba zile tarakimu. Hila nyingine ni kuihamisha laini ya mtu hadi kadi mpya kwa vitambulisho vya bandia, ili ujumbe wa uthibitisho ufike kwa mwizi. Siri ilikuwa imechukua nafasi ya shahidi, na siri haina njia ya kumtambua anayeitumia.

Hofu ya kukabidhi alama

Ni katika eneo hili pia ambapo watu walionyesha, kwa namna ya kuwashangaza wageni, kwamba fedha zinazokuja bila asili inayojulikana hazipokelewi hivi hivi. Shirika la GiveDirectly, ambalo huwapa watu maskini fedha zisizo na masharti kupitia simu, lilipoingia Homa Bay katikati ya miaka ya 2010 lilikuta kaya nyingi zikikataa kuandikishwa, kwa kiwango ambacho halikukizoea kwingineko, huku uvumi ukizihusisha fedha hizo na nguvu za giza. Aliyesoma habari za pesa makech hawezi kuuona ukataaji huo kuwa ujinga, kwa kuwa ulikuwa ni uendelezaji wa swali la kale, yaani mali hii inatoka kwa nani, na aliyeitoa atadai nini baadaye.

Hofu kuhusu alama za mwili nayo ilikuwa na sababu zake. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na virusi vya UKIMWI nchini Kenya, na hapo orodha inayounganisha jina na hali ya afya ina uwezo wa kuvunja ndoa na kumwondoa mjane katika ardhi ya mumewe. Amri ya mwaka 2015 ya kukusanya majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi hivyo ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na ripoti ya mwaka 2018 ya shirika la haki la KELIN ilieleza jinsi makundi yaliyo hatarini zaidi yalivyokataa kuchukuliwa alama za vidole katika utafiti wa kitaifa. Mwaka 2019 serikali iliendesha usajili wa kitaifa wa utambulisho, uliochukua pia alama za mwili na kuitwa Huduma Namba, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikauruhusu kwa sharti la kuwapo kwa ulinzi wa kisheria, huku ikizuia kuchukuliwa kwa vinasaba. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikaona kwamba kadi zake zilitolewa bila tathmini ya athari kwa faragha iliyodaiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Tukio lililounganisha moja kwa moja sarafu za kidijitali na alama za mwili lilitokea Julai na Agosti 2023, pale mradi wa Worldcoin ulipopanga watu katika foleni ndefu jijini Nairobi na kuwapiga picha mboni za macho ili wapewe sarafu zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo tarehe 2 Agosti 2023, na mnamo Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamuru data hizo zifutwe chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mgogoro huo ulirudia, kwa vifaa vipya, muundo wa kipande: alama isiyobadilika ya mtu inachukuliwa na mwingine, na mwenye mwili anabaki na ahadi tu.

Ufunguo usio na nywila

Mfumo wa kuingia bila nywila unafanya kazi kwa kanuni tofauti kabisa, na tofauti hiyo hupotea kirahisi kwa sababu kwa macho mifumo yote inafanana: mtu anaweka kidole, mlango unafunguka. Msingi wake uliwekwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, walioonyesha kwamba funguo mbili zinaweza kuhusiana kihisabati bila ya mmoja kuufichua mwingine. Simu inapoandikishwa hutengeneza jozi ya funguo. Ufunguo wa siri hufungiwa ndani ya kifaa, na ufunguo wa umma, ambao hauna madhara hata ukijulikana na kila mtu, hupelekwa kwa mtoa huduma. Mwenyewe anapotaka kuingia, mtoa huduma hutuma fumbo la namba lisilowahi kutumika, simu humwomba athibitishe kwa kidole, uso au namba ya kufungulia kioo, kisha hulitia fumbo hilo saini kwa ufunguo wa siri, na mtoa huduma huikagua saini kwa ufunguo wa umma. Katika mwenendo wote huo alama ya kidole haitoki ndani ya simu, na hakuna tarakimu za kumtajia tapeli. Kwa kuwa ufunguo hufungamanishwa na anwani halisi ya huduma, tovuti ya bandia iliyofanana na ya kweli kwa rangi na maneno haiwezi kuupata.

Muungano wa FIDO, ulioundwa mwaka 2012, ndio uliosimamia viwango vya mfumo huu. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, likauidhinisha Machi 2019, na Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zikatangaza kwa pamoja kuupanua katika simu na kompyuta zao. Kuingia kwake katika pochi za sarafu za kidijitali kulicheleweshwa na jambo la kihisabati, kwani saini za Bitcoin na za Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu hizo, hutumia aina moja ya hesabu na chipu za simu hutumia nyingine. Hatua iliyolegeza kikwazo hicho upande wa Ethereum ilikuwa kuanza kutumika, Machi 2023, kwa akaunti zinazoendeshwa na masharti ya programu, ambapo mwenyewe anaweza kupanga ni saini ya aina gani itakubaliwa. Mwaka 2024 kampuni ya Coinbase ilitoa pochi inayofunguliwa kwa ufunguo wa simu, bila ya mtumiaji kuandika popote maneno ya urejeshaji.

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha usalama wa pochi tangu mwaka 2013: maneno 12 au 24 yanayochaguliwa na programu kutoka orodha ya maneno 2,048, na yeyote anayeyajua ndiye mwenye fedha, kama vile mshika dhahabu ya Nyatike alivyo mwenye dhahabu. Orodha rasmi zipo za Kiingereza, Kifaransa, Kijapani na lugha nyingine kadhaa, lakini si za Kiswahili wala Kiluo, na hivyo mama anayeweka akiba Sori au Kehancha anatakiwa kunakili bila kosa maneno ya kigeni asiyoyatamka, kwenye karatasi itakayokaa katika nyumba inayovuja mvua na kuingiwa na wageni. Kuondolewa kwa sharti hilo ni nafuu ya kweli.

Hata hivyo historia ya eneo inaonya kuhusu mambo matatu. Kwanza, ufunguo uliomo ndani ya simu moja hupotea na simu hiyo, na simu huanguka ziwani, huibwa sokoni au huuzwa wakati wa karo. Ukihifadhiwa katika akaunti ya kampuni ya simu ili urejeshwe, basi kampuni hiyo imekuwa mshika sanduku, na mtu anapaswa kulijua hilo na kulikubali kwa hiari. Pili, wengi wanatumia simu ndogo za vitufe zisizo na chipu ya namna hii, au wanashirikiana simu moja nyumbani, na kidole cha mkata miwa wa Awendo au cha mvuta nyavu wa Mbita kinaweza kuchakaa hata kisitambulike. Tatu, mtu anaweza kushurutishwa kuweka kidole na mume, ndugu au polisi, jambo ambalo namba iliyo kichwani hulizuia kwa kiasi.

Jibu la kiufundi kwa onyo la kwanza lilitetewa mwaka 2021 na Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, naye aliliita urejeshaji wa kijamii: mwenye pochi huteua walinzi, kwa mfano watano, ambao hawawezi kutumia hata senti moja ya fedha zake, lakini watatu kati yao wakikubaliana wanaweza kuuidhinisha ufunguo mpya badala ya uliopotea. Mwanachama yeyote wa kikundi cha akiba cha Rangwe au Uriri ataitambua kanuni hiyo mara moja, kwa kuwa ndiyo ya washika funguo, na atajua pia masharti yake ya kibinadamu ambayo hesabu haiwezi kuyasema: walinzi wasiwe wote wa nyumba moja, wasiwe wote wenye kudaiana, mmoja wao awe anaishi mbali, na wateuliwe upya mmoja anapofariki au kuhama. Anayeandaa pochi ya namna hii hana budi kuisajili katika vifaa viwili, kuifunga simu kwa namba isiyojulikana nyumbani, kuteua walinzi na kuujaribu urejeshaji kwa kiasi kidogo kabla ya kuweka akiba kubwa.

Sheria nayo imeanza kufika. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo dhidi ya sarafu hizi Desemba 2015, na Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayoziweka kampuni hizo chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo humlinda mteja wa kampuni inayomtunzia sarafu. Anayejitunzia mwenyewe hana karani wa kumlalamikia, na ulinzi wake ni ule aliouandaa mapema.

Karne moja baada ya kipande, kidole cha mkazi wa kusini mwa Nyanza kinaweza kwa mara ya kwanza kuwa alama inayomtumikia yeye, ikikaa katika kifaa chake na kufungua kilicho chake. Manufaa hayo hayatakuja yenyewe. Yanategemea kama wabunifu, wasimamizi na vikundi vya akiba watadai kwamba alama isihamishwe kwenye masjala ya mwingine, kwamba simu ya bei nafuu isiachwe nyuma, na kwamba urejeshaji ujengwe juu ya mashahidi walio hai, waliochaguliwa na mwenye mali. Vikundi vya sanduku la makufuli matatu vina ujuzi mkubwa zaidi wa jambo hilo la mwisho kuliko kampuni yoyote ya programu, na mafunzo ya usalama wa kidijitali katika kaunti hizi yangepaswa kuanzia kwao, wakiwa walimu.